Wana Mtwara, supu ya kile kimgahawa cha Kijapani pale Shangani wanaitia nini?

#1 Mjukuu wa Mikindani
Wakuu habari za jioni. Walioko Mtwara mtakuwa mshakiona kile kimgahawa kipya upande wa Shangani, kina benchi za mbao na vitambaa vya bluu vimening'inizwa mlangoni mpaka uiname ndo uingie. Wanauza vyakula vya Kijapani, au tuseme staili ya Kijapani, maana mpishi ni dada yetu wa hapahapa na anabishana na mhudumu wake kwa Kimakonde. Mi nilijua nitaletewa samaki mbichi nitoke nduki. Kumbe ni misosi ya kushibisha tu, bakuli kubwa la supu na tambi, juu kuna minofu ya kuku, yai limekatwa katikati, majani ya kitunguu na ufuta. Wanaita rameni.

Sasa shida yangu ni ile supu. Nimeikodolea macho, nyanya hakuna, nazi hakuna, binzari hakuna, hakuna hata dalili ya kitunguu kilichoungwa, ni maji ya kahawia tu yana viduara vya mafuta juu. Kwa macho unasema haya si maji ya kuchemshia kuku tu. Piga kijiko kimoja, unanyamaza. Nimefika nyumbani bado najiramba, mke wangu ananiangalia tu. Bakuli elfu tisa, najua mtanisema. Wanaojua, wanaitia nini?

#2 Kausha Damu
Siti ya mbele. Weka picha mkuu.

#3 Kipusa wa Ligula
Ajinomoto hiyo kaka, wafunge uzi tukalale. Ile unga nyeupe kama chumvi inang'aa. Ukiitia hata kwenye maji ya bomba yanakuwa supu.

#4 Chikongola Kwetu
Elfu tisa??? Supu ya kuku??? Hapo feri nakula wali, samaki wa kupaka, mchicha na juisi ya ukwaju na chenji ya bodaboda inabaki. Watu mna hela za korosho aisee, na msimu wenyewe bado.

#5 Mjukuu wa Mikindani
@Chikongola Kwetu nilisema mtanisema. @Kipusa wa Ligula Ajinomoto naijua dada yangu, chipsi mishkaki wanaimwaga kila siku na haifanyi vile. Ile ya chips inagonga ulimi inaondoka. Hii inakaa.

#6 Mpishi Mstaafu
Salaam. Mimi nimepika meli na kambi za wahandisi huku kusini miaka mingi, nichangie kidogo.

Kipusa hajakosea na hajapatia. Kinachofanya supu ikae mdomoni kinapatikana ndani ya vyakula vyenyewe. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani wao mnene unaitwa kombu, akautoa ule utamu wa supu akaupata kama chembechembe. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa dukani, ndo hiyo Ajinomoto yenu. Sasa mpishi anayejiheshimu anachemsha chanzo chenyewe, hana haja ya kichupa. Na wao huo mwani hawauchemshi peke yake, wanauweka na samaki mkavu. Mwani una kitu chake na samaki ana chake, vikikutana ladha haijumlishwi, inazidishwa. Kuna wanaotumia jodari mkavu amekwanguliwa kama randa ya seremala, na kuna wanaotumia dagaa wakavu wa baharini.

Kwa hiyo mimi naweka dau kwenye DAGAA. Dagaa wa pwani hii hii. Unatoa vichwa na matumbo kwa vidole mmoja mmoja, ukiviacha supu inakuwa chungu, unaloweka maji ya baridi usiku kucha, asubuhi moto mdogo, povu likianza unalitoa, unachuja. Dagaa unawatupia paka. Hayo maji ukiyachanganya na supu ya mifupa ya kuku hakuna atakayejua kama kuna dagaa mle, atabaki anauliza uliza kama mleta uzi.

#7 Kausha Damu
Mzee kashuka nondo. Yaani elfu tisa tunalipa maji ya dagaa 😂😂

#8 Binti Mtanda
Mi nipo Lindi nimeenda mara nyingi tu nikija Mtwara kikazi, na supu niliyokula mimi haikuwa ya kahawia. Ilikuwa NYEUPE, nzito, kama tui. Nikawaza wameweka nazi, mhudumu akaapa hakuna nazi. Mleta uzi tumeenda sehemu moja kweli?

#9 Mjukuu wa Mikindani
Sehemu ni moja, Shangani kuna mgahawa gani mwingine wa kuinamia mlango? Mi ya kwangu ya kahawia.

#10 Ustaadhi wa Chuno
Ndugu zangu hapo kwenye nyeupe ndo tuweke breki. Hiyo rameni nyeupe kwao Japani ni mifupa ya NGURUWE, inachemshwa masaa na masaa mpaka inavunjika. Hili si la kuhisi, linajulikana. Na kuna kitu wanaweka kinaitwa mirin, ni pombe ya mchele. Sisemi wa hapa wanafanya hivyo, nasema Muislamu aulize kabla hajainama mlangoni.

#11 Binti Mtanda
Uuuwi ustaadhi usinitie presha saa hizi.

#12 Mama Ntilie Mjini
Presha ya nini na mi nshaingia jikoni kwao. Nilienda kwa nia ya kuiba ujuzi, sifichi, nina banda langu na wateja wameanza kuniuliza "mama hauna ile ya bakuli". Nikajifanya naulizia ajira ya kuosha vyombo. Nguruwe hakuna. Jikoni kuna masufuria mawili. Moja limejaa MIGUU YA KUKU, mnaisikia, ile tunayotupa au tunawauzia vijana wa soko kwa bei ya kutupa, mingi kabisa imekatwa kucha, linachemka kwa fujo kama dhoruba, maji meupe pee. La pili limefunikwa na moto wake mdogo hata halitikisiki. Nikauliza lile la pili nini, dada akacheka akasema "hilo siri ya ofisi". Na pombe sikuona, niliona soya sosi madumu na siki.

Kwa hiyo @Binti Mtanda na mleta uzi wote mko sahihi, masufuria mawili.

#13 Mpishi Mstaafu
Hapo mama kanisaidia. Supu ya mifupa ukiichemsha kwa nguvu mafuta na ule ugundi wa kwenye ngozi na mishipa vinachanganyika na maji, inakuwa nyeupe. Ukichemsha taratibu inabaki safi inaonekana chini. Miguu ya kuku ina ugundi mwingi, ndo maana midomo inanata ukimaliza. Sufuria la pili lililofunikwa ndo la dagaa. Nawaambia.

#14 Kipusa wa Ligula
Mzee na dagaa wake jamani. Mama kasema halikufunuliwa, we umeona wapi dagaa?

#15 Mpishi Mstaafu
Pua, mwanangu. Ukipita pale saa nne asubuhi kabla hawajafungua unasikia kabisa.

#16 Chikongola Kwetu
Mzee, Mtwara yote inanuka dagaa saa nne asubuhi.

#17 Mwani Wetu
Niongezee. Hapo #6 mzee kasema mwani. Sasa sisi hapa tunalima mwani kutoka Mikindani kwenda mpaka Kilwa, kina mama wanaanika kwenye mchanga, mnunuzi anachukua kilo kwa bei ya kuchekesha. Kwa nini tusiseme huyo dada anatumia mwani wetu? Wajapani wanakula mwani, sisi tuna mwani, jumlisha.

#18 Mtaalamu Mstaarabu
@Mwani Wetu hapana mkuu, hesabu haijumlishiki hivyo. Tunaolima sisi ni spinosum na kotonii, na karibu wote unaenda kiwandani, unatolewa ule ute wa kugandishia vitu, dawa ya meno, aiskrimu na kadhalika. Kombu ni mwani wa bahari ya baridi, wa kule Hokkaido kaskazini mwa Japani, mrefu mnene kama mkanda. Huku maji ya moto hauoti. Na ule mweusi wa kufungia sushi ni aina nyingine ya tatu. Ukichemsha wa kwetu utapata uji unaoteleza, ile ladha hupati. Kama anatumia kombu basi anaagiza, na hapo elfu tisa inaanza kueleweka.

#19 Mwani Wetu
Sasa umenijulisha spinosum, mama yangu ndo kanilea kwa huo huo 😄 Ila wa kwetu tunatia kwenye kachumbari na unanoga. Wewe umewahi kuujaribu kwenye supu au unasoma tu?

#20 Mtaalamu Mstaarabu
Nasoma tu.

#21 Bwana Ufuta
Wote mnazunguka. Jibu mleta uzi kalitaja mwenyewe #1 akalipita. UFUTA. Mimi nanunua na kuuza ufuta, niko Lindi, Nachingwea mpaka Ruangwa nazijua shamba kwa shamba. Nchi ya Japani inakula ufuta hatari na kulima hawalimi, karibu wote wanaagiza, na Tanzania ni miongoni mwa wanaowauzia. Kwa hiyo ufuta wa hapa unapanda meli unaenda kukaangwa Japani, mafuta yake meusimeusi yenye harufu yanawekwa kwenye chupa, yanarudi hapa Shangani kumwagiwa tone mbili juu ya supu na nyie mnasema ooh utamu, ooh dagaa. Viduara vya mafuta vile mleta uzi kavitaja, ni nini vile? Harufu ndo inakaa mdomoni, si supu. Kaanga ufuta wako mpaka uanze kuruka kwenye kikaango, utwange ukiwa wa moto, tupia kwenye supu yoyote hata ya utumbo, halafu uje hapa useme.

#22 Kausha Damu
Hii ya ufuta kwenda na kurudi imeniuma kama mwana kusini.

#23 Mama Ntilie Mjini
@Bwana Ufuta nimejaribu leo asubuhi kwenye supu ya utumbo. Imenukia hadi jirani kaja. Ila haikukaa mdomoni kama ile. Bado.

#24 Mzee Kivinje
Nawasoma kutoka Kilwa. Mnashangaa vyakula vya Kijapani kama vimeshuka mwezini. Ile tempura yao, kamba na mboga zinazochovywa kwenye unga na kukaangwa, wanahistoria wanasema walijifunza kwa Wareno waliofika kwao 1543. Hao hao Wareno walishapita kwetu, 1505 waliivamia Kilwa wakaipora. Wenzetu waliachiwa bajia, sisi tuliachiwa magofu.

Na kare yao ile nzito ya kahawia walipata kwa Waingereza waliopata India. Jeshi lao la majini mpaka leo linakula kare kila Ijumaa.

#25 Ustaadhi wa Chuno
Ijumaa ni pilau, mzee. Hapo hatukubaliani na jeshi lolote.

#26 Nahodha wa Msimbati
Mi supu siijui, mi nilienda kwa ajili ya pweza. Wana vile vidude vya mviringo vinaitwa takoyaki, ndani kipande cha pweza. Nikasogea nione vinavyopikwa, wallahi ni KIKAANGO CHA VITUMBUA. Kile kile cha chuma cha mashimo, cha mama yako. Dada anamimina uji wa ngano wenye mayai, anatupia kipande cha pweza katikati ya kila shimo, kingo zikikamata anachomeka kijiti kimoja anageuza nusu, uji wa juu unaanguka chini unaziba, anageuza tena, kinakuwa mpira. Mkono wake haupumziki, anaanza shimo la kwanza akifika la mwisho la kwanza limeshaita. Mama mpika vitumbua wa kwetu anageuza mara moja basi. Huyu anavizungusha mpaka vinang'aa. Kula cha moto utaungua ulimi, ndani hakigandi kabisa, kinabaki laini. Wao kule Osaka ndo kwao.

Sasa nami nina swali, sisi pweza tunamtoa hapa, tunachoma, tunachemsha supu, tunapika nazi. Kwa nini hatukuwahi kumtia kwenye kitumbua?

#27 Kipusa wa Ligula
Kwa sababu kitumbua ni cha chai kaka 😂 Pweza na chai ya rangi asubuhi?

#28 Nahodha wa Msimbati
Na supu ya pweza saa moja asubuhi pale stendi mnakunywaga na nini?

#29 Kausha Damu
Hiyo hailengi kifungua kinywa, ina kazi nyingine 🤣🤣

#30 Mlezi wa Wana
Jamani kuna watoto humu. Kurudi kwenye mada, mbona hakuna aliyesema kuhusu YAI? Kiini hakijaiva, kinatiririka. Nililirudisha, dada akasema ndo lilivyo. Kwetu yai la kuchemsha liive. Nimempa mwanangu wali wa kuku na yai, nao yai limemwagwa juu limeiva nusu. Sirudi.

#31 Mpishi Mstaafu
Lile yai linachemshwa dakika sita saba hivi, linatumbukizwa maji ya baridi, linamenywa, linalazwa kwenye soya sosi yenye sukari. Ndo maana nje ni la kahawia. Ila mama una haki yako, mwambie akuchemshie gumu, atakufanyia. Kwa mtoto mdogo hata mimi ningetaka liive.

#32 Dogo wa STEMMUCO
Wazee wote humu hamna aliyegusa tambi. Mi nimeigiza nyumbani geto, hela ya elfu tisa sina. Nilidhani ni zile tambi za pakiti, za pakiti nazo zimeanzia huko huko, jamaa anaitwa Momofuku Ando alizitoa 1958, alikuwa anazikaanga kwenye mafuta ili zikauke. Ila za pale kimgahawani si za pakiti, zinavutika halafu zina unjano. Siri yake ni MAGADI. Tambi za rameni zinakandwa na maji ya magadi. Sasa wewe chukua spageti nyembamba ya dukani, maji yakichemka tia soda ya kuokea au magadi, yatapanda povu angalia yasimwagike kwenye jiko la watu, zinatoka za njano na zinadunda kama za kule. Sijui kuhusu supu ila nusu ya utamu ni hiyo tambi.

#33 Mama Ntilie Mjini
Magadi ya maharage haya haya?

#34 Dogo wa STEMMUCO
Haya haya mama. Usizidishe, itanuka sabuni.

#35 Kipusa wa Ligula
Haya sasa tuna ajinomoto, dagaa, miguu ya kuku, mwani, ufuta, magadi. Bado mganga.

#36 Chikongola Kwetu
Mganga hajakosekana. Jirani yangu anasema haiwezekani mtu atoke Newala afungue biashara ya tambi na foleni iwepo Jumatatu. Ila jirani huyo huyo ana banda la chips linalotazamana na pale.

#37 Binti Mtanda
Si wa Newala, nilisikia alikuwa Dar kwenye hoteli Masaki.

#38 Mjukuu wa Mikindani
Mi niliambiwa alifanya kazi za ndani kwa familia ya Wajapani, wale wa miradi.

#39 Mzee Kivinje
Wajapani huku si wageni. Barabara ya Masasi kwenda Mangaka ni msaada wao, na vijana wao wa kujitolea wanakuja nchini tangu 1967. Na wengi hamjui kwamba kule Ise, mkoa wa Mie, kuna jumba la makumbusho la vinyago vya Kimakonde. Vya Kimakonde, Japani. Mtu anatoka Tokyo anapanda treni kwenda kuangalia mpingo wa kutoka kusini, nyie hapa mnagombana kuhusu supu.

#40 Kausha Damu
Aisee hii ya Ise imenishinda. Kumbe tushabadilishana, wao vinyago sisi tambi.

#41 Mkosoaji
Nimesoma kurasa zote. Wote mnajisumbua. Mleta uzi alikwenda jioni baada ya kuogelea Shangani, ana njaa, ana chumvi ya bahari mdomoni, kapewa bakuli la moto lenye chumvi, mafuta ya kuku na wanga. Mtu yeyote mwenye njaa akipewa chumvi, mafuta na wanga vya moto ataona miujiza. Nendeni mmeshiba muone.

#42 Mjukuu wa Mikindani
Nani kasema niliogelea? Nilitoka kazini nimekula mchana ugali wa muhogo na kisamvu, nimeshiba ndii. Usinitungie safari.

#43 Mkosoaji
Basi chumvi na mafuta tu. Waulize wanatia chumvi kiasi gani kwa bakuli moja, usiku hukuamka kunywa maji?

#44 Binti Mtanda
Hapo kwenye kuamka kunywa maji umenipata 😅 jagi zima.

#45 Kipusa wa Ligula
SI AJINOMOTO HIYO. Kiu ndo dalili. Na kichwa kinauma.

#46 Mtaalamu Mstaarabu
Hiyo ya kichwa imeanza na barua moja ya daktari kwenye jarida la kitabibu la Marekani 1968, baada ya hapo wamejaribu kwa watu tena na tena hawapati jibu moja la kueleweka. Na nikwambie cha kukufurahisha, siku hizi inatengenezwa kwa kuchachusha miwa au muhogo. Muhogo dada.

#47 Kipusa wa Ligula
Muhogo tunaula wenyewe bila kupitia Japani. Nasimamia kauli yangu.

#48 Mpishi Mstaafu
Jumamosi nilipita nikaongea na yule dada, nikamwambia mwanangu mimi mpishi mwenzako niambie tu, lile la pili ni dagaa au si dagaa. Akaniletea kikombe cha supu ya lile sufuria bure. Nikanywa. Dagaa wamo, naapa. Ila kuna kingine nyuma yake, kama uyoga hivi au kitu kilichochachuka. Nikauliza, akasema "babu kunywa, inapoa".

#49 Ustaadhi wa Chuno
Kilichochachuka vipi mzee? Fafanua hapo.

#50 Mpishi Mstaafu
Kama miso, ile ya soya iliyolala na chumvi miezi. Si pombe ustaadhi. Ila siwezi kuapa.

#51 Bwana Ufuta
Ungemuuliza mafuta anapata wapi.

#52 Mama Ntilie Mjini
Mi nishaanza yangu, miguu ya kuku, dagaa, ufuta wa kukaanga, spageti za magadi, bakuli elfu tatu na mia tano. Haijafika ila inakaribia, na nguruwe wala pombe hakuna ustaadhi karibu. @Mlezi wa Wana yai linaiva hadi ndani. Yai la pili ni mia tano.

#53 Chikongola Kwetu
Banda lako liko upande gani mama, kesho mchana nakuja na vijana wa bandarini.

#54 Mchuuzi wa Pwani
Samahani kuingilia, nina dagaa wakavu wazuri hawana mchanga, wapo kwa debe na kwa kisado. Tangu uzi huu uanze nimeuza kuliko mwezi uliopita. Mama Ntilie nicheki PM tuongee bei ya jumla, na vichwa nawatoa mwenyewe.